Ree mbili mkononi, balaa mezani

SWALI

Shikamoo mzee wa karata,

Nakuandikia nikiwa na donge la wiki mbili kooni. Kila Jumamosi usiku huwa tunakutana watano nyumbani kwa jamaa yangu mmoja Mbezi, tunacheza poka, ile ya Texas, karata mbili za mtu mkononi na tano za wote mezani. Si kasino, ni sisi kwa sisi: mwenyeji, mimi, majirani zake wawili, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye nilimwingiza mwenyewe mwezi wa tatu baada ya kuchoka kuulizwa huwa naenda wapi. Kila mtu anaingia na laki moja. Madau ya lazima ni 500 kwa wa kwanza na 1,000 kwa wa pili, ambao usiku huo walikuwa wale majirani.

Mimi nilikuwa nacheza wa mwisho. Nikainua ncha za karata zangu kwa kidole gumba, nikaona ree ya kopa. Nikachungulia ya pili: ree ya uru. Mzee, nimelamba dume! Moyo ulinienda mbio hadi nikahofia jirani atausikia. Mwenyeji akafuata 1,000, shemeji naye akafuata 1,000. Nikasema moyoni, nikipandisha sana watakimbia wote niambulie vijisenti. Basi nikapandisha hadi 2,000 tu, kwa upole, kama mtu asiye na kitu. Wote wanne wakafuata. Mezani pakawa na 10,000, nami najipongeza kwa ujanja.

Zikafunuliwa tatu za katikati: tisa ya shupaza, nane ya shupaza, saba ya pau. Majirani wakagonga meza, wakapita. Mwenyeji akaweka 8,000. Shemeji, bila hata kuchungulia tena karata zake, akapandisha hadi 24,000. Nikajua tu kwamba hapa nachimbwa mkwara. Nani ana karata za kuzidi ree mbili? Nilikuwa na 98,000 mbele yangu. Nikasukuma zote.

Mwenyeji akawaza kama dakika nzima, akatupa. Shemeji akasema "nakulipa", akalaza jeki na kumi. Saba, nane, tisa, kumi, jeki: streti, karata tano zinazoongozana. Karata ya nne ikaja mbili ya uru. Ya tano, mzee, ikaja ree ya pau! Nikaruka kutoka kwenye kiti nikipiga kelele "ree tatu!", hadi mwenyeji aliponishika bega akanionyesha kwamba streti bado iko palepale.

Sikuishia hapo. Nikatoa laki nyingine kwenye simu, hela niliyomtengea fundi wa bati, na saa saba usiku nayo ilikuwa imekwisha.

Tangu siku ile sisemi na shemeji. Jeki na kumi ni karata za kufuatia mtu akiwa amepandisha dau? Huyu si anacheza magarasa halafu anabahatika? Naomba uniambie nilikosea wapi, na kama kweli kuna siku mtu mwenye akili timamu hutupa ree mbili. Mke wangu hajui lolote hadi leo.

Aliyelamba dume, Tabata

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole. Pole zaidi kwa ile ree ya pau. Kupigwa kunauma, lakini kupigwa huku umeshasimama unashangilia, hao majirani wataisimulia hadi kwenye harusi ya mwanao.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza. Ndiyo, ree mbili hutupwa, na usiku ule ndio ulikuwa usiku wake. Ila ukiniacha hapo utaondoka na somo baya, utaanza kutupa ree kila ukiona shupaza mbili mezani. Kosa lako kubwa lilitangulia flopu, yaani zile karata tatu za kwanza za katikati.

Turudi kwenye zile 2,000 unazoziita ujanja. Nimechukua karatasi nikapiga hesabu ya shemeji yako, hata kama yeye aliipiga kwa macho tu. Zamu ilipomrudia, mezani palikuwa na 9,000: zako 2,000, za majirani na mwenyeji 6,000, na 1,000 aliyotangulia kuiweka mwenyewe. Anadaiwa 1,000 nyingine. Elfu moja kugombea elfu tisa! Kwa bei hiyo hata mimi ningefuata na jeki na kumi, tena huku nasinzia. Na jeki na kumi si magarasa, mdogo wangu. Ni karata zinazoongozana, na karata za namna hiyo zinachotafuta maishani ni flopu ya bei rahisi. Wewe ukamfungulia duka.

Ree mbili zikipambana na mtu mmoja mwenye karata zozote hadi karata ya tano, zinashinda kama mara 85 katika 100. Wakiwa watatu unashuka hadi 64. Wakiwa wanne, kama ulivyowaalika wewe, unabaki na 56 hivi. Bado hakuna anayekuzidi, lakini umeuza karibu theluthi ya nguvu zako kwa hofu ya kuambulia vijisenti. Wawili wameshafuata mbele yako, dau la lazima ni 1,000: hapo ungepandisha hadi 5,000, au hata 6,000 kama unawajua kwamba hawapendi kutupa. Angebaki mmoja, wawili wakizidi. Wangekimbia wote? Ungechukua 3,500 zilizokuwa mezani ukanywa chai. Najua inauma, kwa sababu ree mbili mtu anagawiwa mara moja katika 221, na kwa mwendo wa meza za nyumbani unaweza kumaliza Jumamosi nzima hujaziona. Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Mtu akisubiri kitu siku nyingi, kikija anataka kimlipe na siku zote alizosubiri.

Sasa flopu. Chukua pakiti yako usiku wa leo, weka mezani tisa ya shupaza, nane ya shupaza, saba ya pau. Toa pembeni ree yako ya kopa na ya uru. Kisha hesabu mwenyewe mikono (karata mbili mbili ambazo mtu anaweza kuwa ameshika) ambayo tayari inakushinda, usiniamini mimi. Jeki na kumi: jeki nne, kumi nne, hiyo ni mikono 16. Kumi na sita (karata ya kumi na karata ya sita, Kiswahili kinatupa taabu kwenye poka): 16 nyingine. Sita na tano: 16. Hizo zote ni streti. Halafu waliokuja na tisa mbili, nane mbili au saba mbili wameshapata tatu za aina moja: mikono mitatu mitatu, jumla 9. Halafu tisa na nane, tisa na saba, nane na saba, jozi mbili: 9, 9 na 9. Jumla ni 84.

Karata usizoziona ni 47, zinazotengeneza mikono 1,081. Kwa hiyo mtu mmoja aliyeshika karata zozote anakushinda hapo chini ya mara 8 katika 100. Si nyingi. Lakini wako wanne. Kwa wanne, uwezekano kwamba angalau mmoja ameshakupita ni zaidi ya mara moja katika nne, na hapo bado hakuna aliyegusa hata kipande. (Vipande ndivyo tunavyoviita chipsi, na kila mgeni mezani lazima aulize mayai yako wapi.) Tena hesabu hiyo inachukulia kwamba wameshika karata za ovyo ovyo. Watu walioamua kufuata dau wameshika hasa zile zinazopenda flopu ya saba, nane, tisa.

Kisha wakaanza kusema. Mwenyeji akaweka 8,000 mbele ya watu wanne. Mkwara huchimbwa kwa mtu mmoja, ukizidi sana wawili. Halafu shemeji akampandishia mwenyeji huku nyuma yake kuna wewe uliyeonyesha nguvu mwanzoni. Hapo alikuwa anamwambia mwenyeji, na wewe ukisikia, kwamba ana kitu. Kwenye barua yako mwenyewe umeandika kwamba hakuchungulia tena karata zake. Mtu anayesubiri shupaza ya tatu mezani, atimize tano za alama moja, mara nyingi huchungulia, ahakikishe kweli anazo mbili. Mwenye streti anakumbuka. Sisemi hiyo ni sheria, wapo wanaoigiza, lakini jicho lako liliona na mkono wako haukusubiri.

Ulipoonyeshwa jeki na kumi, nafasi yako ya kushinda ilikuwa imebaki karibu 3 katika 100. Ulihitaji karata mbili zote zikuangukie vizuri, kwa mfano ree moja na tisa nyingine. Ndiyo maana ree ya pau peke yake haikukusaidia kitu.

Ungetupa, ungepoteza 2,000. Sahani ya chipsi kavu. Na nikuambie ukweli kwamba siku nyingine utatupa ree kwenye flopu kama ile, na aliyepandisha atakuonyesha shupaza mbili ambazo hazijakamilika, wewe ndiye uliyekuwa mbele. Itatokea. Meza nzima itacheka. Kuna gharama ya kutupa na kuna gharama ya kung'ang'ania, na ulipokuwa na 98,000 kwenye mzigo (fedha za kugombewa mezani) wa 10,000, ya pili ilikuwa kubwa mno. Ungekuwa umebakiza 15,000 tu ningekuelewa ukisukuma, kwa sababu mezani tayari pana fedha za kutosha na huna cha ziada cha kupoteza. Mwenye vipande vichache anaweza kufa na jozi moja. Mwenye vipande vingi anayekufa na jozi moja amejiua.

Maana ree mbili, ukiondoa uzuri wake, ni jozi moja. Kabla ya flopu hakuna mkono unaoziweza. Baada ya flopu ni jozi moja kubwa, na nafasi ya kupata ree ya tatu katika karata mbili zilizobaki ni kama 8 katika 100 tu.

Ila usiogope kila flopu. Ingekuja mfalme wa pau, saba ya uru, mbili ya shupaza, hapo cheza. Hakuna streti, hakuna alama zinazofanana, na mtu mwenye mfalme mmoja atakufuata kwa raha zake zote. Hapo weka dau, karata ya nne weka tena, ya tano weka tena. Na hata flopu yako ileile ya tisa, nane, saba, ungekuwa na mpinzani mmoja ambaye amegonga meza akapita, usingetupa. Ungeweka dau, na kiasi ndicho kingekuwa mjadala.

Hapa nikae kidogo, maana nawaona wengi wanakosea. Tuseme mzigo ni 10,000 na mpinzani ana shupaza mbili mkononi. Kuna shupaza tisa zilizobaki za kumkamilishia flashi (karata tano za alama moja) katika karata 47, yaani kama mara 19 katika 100 kwa karata moja inayofuata, na 35 hivi akiziona zote mbili. Ukiweka 2,000, anatoa 2,000 kugombea 12,000. Kwa bei hiyo anahitaji kupata mara 14 tu katika 100, na yeye anazo 19. Umemfanyia hisani. Ukiweka 7,000, anatoa 7,000 kugombea 17,000, anahitaji mara 29, hana. Akifuata hata hivyo, mshukuru kimoyomoyo. Atakupiga baadhi ya siku, usilie, kwa sababu kila anapofuata kwa bei hiyo anakudai kidogo na anakulipa zaidi. Flopu yenye maji mengi, yaani yenye njia nyingi za streti na flashi, inatozwa ushuru mkubwa, kavu unaweza kutoza mdogo.

Umeuliza pia kwa mkato, nimeondoa kwenye barua ili isirefuke, kama ingesaidia ree yako moja kuwa ya shupaza. Kwenye flopu ile, kidogo sana, kwani bado ungehitaji shupaza mbili zaidi. Lakini kama saba nayo ingekuwa ya shupaza, mambo yangegeuka: ungekuwa na nne za alama moja na ile kubwa kuliko zote, na hapo hata aliyeshika streti hana usingizi. Kwa hiyo ukigawiwa ree mbili, zitazame alama. Kopa na uru zako hazikuwa na kazi yoyote mezani pale.

Wafalme wawili, malkia wawili na jeki mbili wana ugonjwa huohuo, tena mkali zaidi. Ukishika wafalme wawili, ree itatokea kwenye flopu kama mara 22 au 23 katika 100. Ukishika jeki mbili, karata iliyo juu yako itatokea mara 57. Zoea kuiona bila kukunja uso.

Sasa shemeji. Umemwita mcheza magarasa. Doyle Brunson, Mtexas aliyefariki mwaka 2023, alitwaa ubingwa wa dunia wa poka kule Las Vegas mwaka 1976 na tena 1977, na mkono uliommalizia kazi miaka yote miwili ulikuwa karata ya kumi na karata ya mbili. Mwaka 1976 aliyekaa mbele yake, Jesse Alto, alikuwa na ree na jeki. Kumi na mbili ni garasa kwa kila kipimo, na hadi leo wachezaji wanauita mkono huo kwa jina la Brunson. Naye aliubahatika, hakuna ubishi. Shemeji yako hakufika huko. Alilipa elfu moja kugombea tisa, akapata streti kubwa kuliko zote zinazowezekana pale, akapandisha, wewe ukampa laki. Ningemlaumu kama angetupa.

Nadhani huna hasira naye. Una hasira na ile laki ya pili, na hiyo sina hesabu ya kukupa. Karata zote baada ya saa ile ulikuwa unacheza na hela ya bati, na mtu anayecheza na hela ya bati hatupi kitu, anafuata tu. Umenieleza karata za mkono wa kwanza moja moja, alama kwa alama. Za laki ya pili hukunitajia hata moja. Nina wasiwasi kwamba huzikumbuki. Jumamosi ijayo, kama utaenda, iache simu nyumbani au mkabidhi mwenyeji akiwa mlangoni, na laki ikiisha kaa utazame wengine. Utajifunza zaidi kwa kutazama saa moja kuliko kwa kulipa nyingine. Na ukiona huwezi kukaa hivyo, usiende.

Mke wako atajua. Aliyekushinda ni kaka yake, amekaa na habari hiyo wiki mbili, na wewe umemnunia. Siku yoyote atamuuliza dada yake kulikoni. Mwambie wewe, leo, laki zote mbili na siyo moja. Fundi naye mpigie umpe tarehe ya kweli. Vuli inakaribia.